Jezi Kavu

Mimi ndiye mfuaji wa jezi za klabu hapa Panevėžys,
majira ya kumi na saba sasa, chini ya ukumbi,
chumba kisicho na dirisha, mashine mbili, moja kigugumizi.
Mpira wa kikapu siujui sana. Najua jasho.

La mlinzi mfupi hukauka na kuacha ramani ya chumvi kwapani.
La anayeogopa kuachwa benchi ni kali,
halitoki kwa sabuni ya kwanza.
Na la Rimvydas, namba kumi na nne, lilikuwa zito:
nikiikamua jezi yake
hata beseni lilijua kwamba leo kulichezwa.

Kisha tukaanza kushinda.

Kocha mpya alikuja na ubao wake na kalamu tatu,
akamwambia: wewe simama kwenye kona ile,
karibu na bango la kiwanda cha siagi.
Usiombe mpira. Simama tu.
Wawili watakuganda kwa hofu ya jina lako,
wanne wetu watacheza na watatu wao.
Hesabu nyepesi, hata mfua nguo anaielewa.
Tukashinda Jumatano, tukashinda Jumapili,
mechi ishirini na sita bila kuteleza,
na mji mzima ukatembea kifua mbele
hadi kwenye foleni ya mkate.

Na namba kumi na nne ikaanza kunijia kavu.

Mwanzo nilidhani ana jezi ya akiba.
Nikainusa. Msinicheke, ndiyo kazi yangu.
Ilinuka sabuni yangu mwenyewe.
Nikaifua hivyo hivyo, mshahara ni mshahara,
nikaianika, nikaikunja, ikaenda, ikarudi
kama barua iliyomkosa mwenyewe.

Usiku wa Februari, juu kombe likiogeshwa bia,
alishuka ngazi, akainama mlangoni
(milango yetu haikujengwa kwa watu wa kimo chake),
akaketi juu ya kapu la taulo.
"Danguolė," akasema, "yangu unaifulia nini?"
Sikuwa na jibu. Mashine kigugumizi ikanijibia:
du, du-du, du.
"Kwetu Raguva nilichezea ghalani," akasema.
"Sakafu ya udongo. Mpira haudundi, unaangukia tu,
lazima uukimbilie.
Sasa nalipwa niogopwe."
Akachukua soksi isiyo na mwenzake, akaizungusha kidoleni,
akaiacha, akapanda.

Asubuhi alipeleka ombi la kuondoka.

Magazeti yakamwimbia:
usiache mbachao kwa msala upitao.
Wakasema ni pesa. Wakasema kuna mwanamke Riga.
Wakasema anamwonea gere Tautvydas,
yule kijana anayetupia ile mitupo ya mwisho.
Mwenye duka la viatu aliigeuza picha yake ikatazama ukuta.
Nilitaka kusema ninachokijua,
lakini nani humwekea mfua nguo kipaza sauti?
Tena, labda gere nayo ilikuwamo.
Jasho halisemi yote.

Sasa yuko Utena, timu ya mkiani,
ukumbi wao unavuja, watu huja na blanketi.
Jana walifungwa kwa pointi kumi na tisa.
Nilitazama kwa jirani, nimeshika kikombe hadi chai ikapoa.
Alikosa mitupo minane. Alianguka juu ya wapiga picha,
akainuka, akaomba mpira, akakosa wa tisa.
Robo ya nne jezi ilikuwa imemganda mgongoni,
imelowa hadi namba haisomeki.
Jirani akasema, "Tazama alivyojiharibia."

Mahali fulani Utena kuna mtu nisiyemjua
mwenye kazi usiku huu.
Ningekuwa na simu yake ningemwambia:
maji ya baridi kwanza, mama,
na usiikamue kwa hasira,
namba hubanduka.